Kadi ya grafiki imezima baada ya kubadilishiwa kipoza: urudishe cha kiwandani, usahihishe kipya, au uipeleke Dar?

Kadi ya grafiki ikifanya kazi asubuhi, ikafunguliwa mchana ili ipoe vizuri zaidi, na jioni ikawa haitoi picha, mara nyingi haijafa kwa uzee. Kuna mahali imeguswa. Kwa sisi tulioko Mtwara, njia zilizo mbele yako ni tatu: kurudisha kipoza ilichotoka nacho kiwandani, kubaki na kipoza kipya na kusahihisha palipokosewa, au kuifungasha kadi na kuipandisha basi kwenda kwa fundi wa bodi Dar es Salaam. Nazilinganisha hapa kwa sababu vijana wengi, wahariri wa video za harusi na wacheza gemu, hukimbilia njia ya tatu au huanza kuulizia kadi nyingine, kumbe tatizo lao ni pedi, kile kipande laini kinachopitisha joto kwenda kwenye kipoza, iliyozidi unene kwa nusu milimita.

Msimamo wangu ni huu: rudisha cha kiwandani kwanza, hata kama hukusudii kukiacha hapo. Sababu nitazieleza, lakini kabla ya kushika bisibisi kuna swali moja la kujibu.

Inazima wakati gani?

Wakati wa kuzima unasema mengi kuliko jina la kadi. Ukibonyeza kitufe na kompyuta nzima ikakataa kuwaka, au feni zikatikisika kidogo na kusimama, pawa saplai inajilinda dhidi ya shoti. Usiendelee kubonyeza ukitumaini kwamba safari hii itakubali. Chomoa umeme, toa kadi, kisha jaribu kuwasha bila kadi. Kompyuta ikiwaka, shoti iko kwenye kadi, na hapo wa kulaumiwa ni wachache: skrubu ndefu iliyowekwa mahali pa skrubu fupi ikachimba bodi, bamba la nyuma linalogusa miguu ya vipande, pesti (ule ute unaopakwa kati ya chipu na kipoza) yenye chembe za chuma iliyosambaa, au kapasita ndogo kandokando ya chipu (prosesa ya kadi) iliyokwanguliwa na ncha ya bisibisi.

Kama kompyuta inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi tangu mwanzo, anza na mambo mepesi. Kipoza kipya kinaweza kuwa kinene mpaka kinagusa kesi na kuizuia kadi isikae sawasawa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kebo ya umeme ya kadi huenda haijazama mpaka ikalia. Waya wa skrini huenda umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi. Mambo haya yanaonekana madogo, na ndiyo maana watu huyaruka.

Picha ikitokea, mfumo ukafunguka vizuri, kisha ndani ya sekunde chache za gemu kila kitu kikazima, mtuhumiwa wa kwanza ni mguso kati ya chipu na kipoza. Ikichukua dakika kumi au zaidi na ikatanguliwa na vidoa au mistari ya rangi, angalia memori. Skrini ikiwa nyeusi ghafla huku feni zikivuma kwa nguvu zote, kadi imejikinga, na mara nyingi chanzo ni sehemu ya kugawa umeme au mguso mbovu wa chipu. Na ikiwa kadi ilifanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa ndipo ikaanza kusumbua, fikiria pesti iliyosukumwa nje taratibu, pampu ya maji iliyochoka, au kutu.

Cha kiwandani dhidi ya kipya

Kipoza cha kiwandani kina sifa moja ambayo hakuna kipoza cha kununua kinachoweza kuishinda: kilitengenezwa kwa ajili ya bodi ile ile. Kimo cha kila eneo kinajulikana. Memori inaweza kuhitaji pedi ya milimita 1.5, mosfeti (vipande vinavyosimamia umeme) zikahitaji milimita 2, na chipu yenyewe ikagusana na shaba kwa utando mwembamba tu wa pesti. Kipoza cha nje kimetengenezwa ili kikae kwenye kadi nyingi, kwa hiyo hesabu hiyo ya vimo anaachiwa mfungaji. Hapo ndipo kadi nyingi zinapoharibikia.

Pedi ikizidi unene kwa nusu milimita, inakibeba kipoza juu juu. Unakaza skrubu mpaka mwisho, zinakaa vizuri, kila kitu kinaonekana kimebana, na bado chipu haigusi shaba. Joto linapanda kwa kasi, kadi inapunguza mwendo, na ikifika kikomo inazima. Pedi ikipungua unene, jambo ni baya zaidi kwa sababu linajificha: chipu inasoma nyuzijoto 60, unafurahi, unawaonyesha wenzako, huku memori zikiungua bila hewa wala mguso. Kadi kama GTX 1080 Ti haina kipimo cha joto la memori ambacho programu inaweza kukuonyesha, kwa hiyo unaweza kuiua ukiwa unaitazama. RTX 3080, yenye memori za GDDR6X, inakuonyesha, na memori hizo zikikaribia nyuzijoto 110 kadi huanza kujipunguza kasi yenyewe. RTX 3090 ina mtego wake: nusu ya memori zake ziko nyuma ya bodi. Ukibadilisha kipoza cha mbele na kulisahau bamba la nyuma na pedi zake, umepoza nusu ya kadi.

Ndiyo maana nasema urudishe cha kiwandani kwanza. Kufanya hivyo ni kipimo. Kadi ikiwa nzima chini ya kipoza chake cha asili, umethibitisha kwamba bodi, chipu na memori zipo hai, na kosa lote liko kwenye ufungaji. Ikiendelea kuzima kwa namna ile ile, umethibitisha kwamba kuna kilichovunjika, na hakuna pesti ya bei yoyote itakayokiponya. Ukikazana na kipoza kipya bila kipimo hiki, kila unachobadilisha kinaongeza maswali.

Kurudisha nako kuna gharama. Pedi za zamani zikishachanika hazirudi. Itabidi upate za unene ule ule. Zilizobaki vipandevipande zipime kwa rula ya vernia sehemu ambayo haikubanwa, kwa sababu sehemu iliyobanwa itakudanganya. Ukikosa pedi za unene sahihi, puti ya joto ni mbadala mzuri sana, kwa sababu inajipanga yenyewe kufuata nafasi iliyopo na haikibebi kipoza. Skrubu nne za kuzunguka chipu zikaze kwa kuvuka, kona kwa kona, zamu kwa zamu, usimalize upande mmoja kwanza. Chipu ni kama kioo, inapasuka pembeni. Kabla ya kufunga moja kwa moja, fanya funga-fungua: bana, fungua, tazama alama ya pesti. Ikiwa imetandaa kote, endelea. Ikiwa imekusanyika upande mmoja, au kama kuna eneo kavu katikati, simama hapo hapo.

Kadi ikishawaka, fungua GPU-Z au HWiNFO, programu za kusoma joto la kadi, na ulinganishe joto la kawaida la chipu na ule mstari ulioandikwa Hot Spot, yaani sehemu ya chipu yenye joto kuliko zote. Tofauti ya nyuzijoto kumi na kitu ni ya kawaida. Ikivuka 25, kipoza kimekaa upande. Wenye kadi za RTX 50 hawatauona mstari huo, kwa kuwa NVIDIA iliuondoa kwenye kizazi hicho. Wao wategemee alama ya pesti na tabia ya kadi ikiwa kazini.

Kama umeamua kubaki na ulichofunga

Hapa inategemea umefunga nini, na marekebisho hayalingani kwa hatari.

Ninayoyapenda kuliko yote, kwa mji wetu huu, ni ya kuondoa kava la plastiki na feni zake ndogo na kufunga feni mbili za milimita 120 juu ya hitisinki ile ile, yaani chuma chenye mapezi kinachotoa joto. Fikiria maana yake: hitisinki haikunyanyuliwa. Pesti haikuguswa, pedi hazikuguswa, mguso wa chipu ni ule ule wa kiwandani. Kadi ya namna hii ikizima, karibu watuhumiwa wote wa hapo juu wameshatoka, na umebaki na feni na waya. Mara nyingi feni zimechomekwa kwenye mazabodi, nazo zinafuata joto la prosesa badala ya la kadi; unacheza gemu, prosesa imetulia, feni zinazembea, kadi inaungua. Dawa yake ni programu inayoruhusu feni zifuate kipimo cha kadi, au adapta ya kuziunganisha na soketi ya feni iliyoko kwenye kadi yenyewe. Kwa adapta uwe mwangalifu: mpangilio wa pini kwenye soketi ndogo za kadi si lazima ufanane na wa feni za kawaida za kompyuta, na ukipeleka volti 12 kwenye pini ya mawasiliano unaweza kuharibu kidhibiti cha feni. Pima kwa multimita kwanza. Usiitwishe soketi hiyo feni zinazonyonya umeme mwingi. Na tai za plastiki za kufungia zisibane hitisinki mpaka ikakunja mapezi, wala ncha zake zisifike kwenye bodi.

Kipoza cha maji kinavutia kwa macho na kwa chipu, lakini kimezoea kuipoza chipu peke yake. Mosfeti na memori zinabaki zikitegemea feni moja ndogo na vipande vya alumini vilivyogundishwa, na gundi hiyo ikilegea kwa joto, kipande kinaanguka juu ya bodi iliyo hai. Nimeona hilo kwa kadi za wateja, na shoti yake haisamehi. Ukibaki na maji, hakikisha pampu inapata umeme kamili muda wote na haifuati mwendo wa feni, na kichwa cha pampu kisiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, maana hewa hukusanyika juu.

Metali ya maji, inayopakwa badala ya pesti, siipendekezi hapa hata kidogo. Ni mchanganyiko wenye galiamu, unapitisha umeme, na unakula alumini mpaka inakuwa makapi. Tone moja likitoka pembeni ya chipu na kufika kwenye kapasita zake, kadi imekwisha. Faida yake juu ya pesti nzuri ni nyuzijoto chache. Ukitaka kitu kinachodumu kuliko pesti, shuka kwenye karatasi ya kubadili hali kama PTM7950 ya Honeywell: inalainika karibu na nyuzijoto 45, inajaza mianya, na haisukumwi nje kirahisi kama pesti laini inavyosukumwa na chipu inayopata moto na kupoa kila siku.

Na kuna wale wanaobandika vibamba vya Peltier (vinavyotumia umeme kupoza upande mmoja) ili kadi ipoe kuliko hewa ya chumba. Mtwara? Hapana. Hewa ikiwa nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote kilichopoa chini ya takriban nyuzijoto 26 kinatoa jasho la maji. Kibamba kilichofika nyuzijoto 20 kinadondosha matone juu ya bodi. Kipoza cha kawaida cha maji hakina shida hiyo kwa kuwa hakishuki chini ya joto la chumba.

Hewa yetu iingie kwenye hesabu

Vipimo vingi vya vipoza vimefanyika kwenye vyumba vya karibu nyuzijoto 22. Chumba cha Chikongola au Ligula mwezi Januari, madirisha wazi, kinaweza kuwa na 32, na nyuzijoto hizo kumi zinapanda moja kwa moja mpaka kwenye chipu. Kipoza kilichosifiwa kwa kuiweka kadi kwenye 70 kitakuwekea 80, na hakuna kilichoharibika. Watu wamefungua kadi nzima kwa sababu ya namba hiyo tu, kisha wakaiharibu kwa mikono yao.

Wanaokaa Shangani na Mikindani, karibu na bahari, wana la ziada. Vumbi lililochanganyika na chumvi hunyonya unyevu, na likikaa kati ya miguu ya vipande hupitisha umeme kidogo kidogo. Kadi iliyoondolewa kava na bamba la nyuma iko wazi kwa vumbi hilo. Isafishe kwa brashi laini na isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji ya kutosha kukuletea kazi nyingine. Mistari ya dhahabu ya kadi isugue taratibu kwa ufutio mweupe, kisha ipanguse.

Kabla hujafunga chochote kipya, kuna njia ambayo haihitaji bisibisi: punguza kikomo cha umeme wa kadi kwa programu kama MSI Afterburner. RTX 3080 ni kadi ya wati 320; ukiishusha mpaka asilimia 80 inakuwa ya wati 256, na kwa gemu nyingi upungufu wa kasi ni mdogo kuliko upungufu wa joto. Kwa hali ya hewa yetu ningeijaribu hii kabla ya kipoza chochote.

Fundi wa mjini, fundi wa Dar, au kadi nyingine

Ikiwa umerudisha cha kiwandani na kadi bado imekufa, ndipo fundi anaingia. Mafundi wa mjini hapa wanaweza kabisa kupima shoti, kubadilisha soketi ya feni, kutengeneza waya, hata kurudisha kapasita iliyong'oka kama hawajakosa darubini na mkono mtulivu. Mpelekee kadi na umwambie ukweli wote. Mtu akiingia na kusema "Kaka, imezima tu yenyewe," fundi atatafuta tatizo la umeme saa nzima wakati skrubu moja imepita mahali pasipo pake. Sema ulifungua nini, ulitumia pesti gani, na ulibadilisha pedi zipi.

Kipimo cha haraka unaweza kukifanya mwenyewe kadi ikiwa nje ya kompyuta: multimita kati ya pini za volti 12 za soketi ya umeme na ardhi. Ikilia au ikasoma karibu na sifuri, kuna shoti kwenye njia kuu ya umeme, na mara nyingi ni mosfeti iliyoungua. Lakini usipime koili zilizo kando ya chipu kisha ukatangaza msiba: kwenye chipu kubwa, njia hiyo kwa asili ina ukinzani mdogo sana, na multimita inaweza kulia kadi ikiwa nzima kabisa. Kadi nyingi nzima zimetupwa kwa kipimo hicho kimoja.

Akikuambia ataichoma kwenye oveni au kuipuliza moto "ili risasi ishikane", ichukue kadi yako uondoke. Risasi ya kulehemu isiyo na madini ya ledi inayeyuka kwenye nyuzijoto 217 na kuendelea. Chini ya hapo hakuna kinachoshikana, na juu ya hapo bila mashine ya kudhibiti joto, plastiki na kapasita zinakwenda. Ikifufuka, hufufuka kwa muda mfupi, mara nyingi wa kutosha tu kukulipisha.

Dar ni kwa ajili ya kazi za kubadilisha memori, kunyanyua chipu, au kufuatilia njia za umeme ndani ya bodi, kazi zinazohitaji stesheni ya joto na vipuri. Ni takriban kilomita 560 kwa barabara, basi la siku nzima, na masika barabara inaweza kukatika kama ilivyokatika upande wa Kilwa Mei 2024 kwa mvua za kimbunga Hidaya. Kwa hiyo kadi lazima istahili safari. Ninavyopima mimi, kama nauli ya mzigo, ada ya uchunguzi na matengenezo vikifika nusu ya bei ya kadi iliyotumika ya aina hiyo hiyo, anza kutafuta nyingine. Kwa kadi ya wati 125 kama GTX 1660 Super karibu kila mara nitasema nunua nyingine. Kwa 3080 au 3090 nitasema peleka.

Mhariri wa harusi ambaye ana kazi ya Jumamosi asihangaike na majaribio ya pedi: arudishe cha kiwandani, ashushe kikomo cha umeme, afanye kazi. Mcheza gemu mwenye muda abaki na feni za 120 na azisuke vizuri. Mwanafunzi ambaye kadi ndiyo mali yake pekee asiguse kipoza cha maji mpaka apate pedi, puti na vernia mkononi.

Na kama unaisafirisha, usiipeleke na kipoza cha nje kikiwa kimening'inia juu yake. Uzito ule unatikisika barabarani mpaka Dar huku ukiivuta chipu kila shimo. Kirudishe cha kiwandani, kaza skrubu zake zote, weka kadi kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, uizungushie sponji pande zote sita ndani ya boksi gumu, na uweke ndani karatasi inayoeleza ulichobadilisha na wakati kadi inapozima.